Viumbe chotara: tuache kubandika mabawa, tuanze kupiga hesabu

Mtu akiambiwa abuni kiumbe chotara anakimbilia kubandika. Kichwa cha simba, mabawa ya tai, mkia wa nyoka, basi kazi imeisha. Watu wamefanya hivyo tangu enzi na enzi, wakachonga kwenye mawe na kuchora kwenye kuta, na mpaka leo ukimpa mtoto penseli ndo kitu atakachochora. Sina ugomvi na michoro hiyo, ila mi naona inatunyima utamu wenyewe, kwa sababu simba, tai na nyoka wote ni ndugu, wote wana uti wa mgongo, wote wana damu na wote wanakula kwa mdomo, kwa hiyo ukiwachanganya bado hujavuka mpaka wowote wa maana.

Mipaka ya kweli iko ndani zaidi. Nani anajipikia chakula kwa jua na nani lazima ale mwenzake? Nani ni mmoja na nani ni wengi waliojikusanya? Nani yuko hai na nani ni jeni tu zinazozurura zikitafuta seli ya kuingia? Hapo ndo pa kuchezea. Na ninachotaka kusema leo ni hiki, ukitaka kubuni kiumbe anayevuka mipaka hiyo usianze na umbo, anza na hesabu zake: anapata wapi nguvu, mtoto wake anarithi nini, na mwili wake unamvumiliaje mgeni aliye ndani. Ukishajibu hayo matatu umbo litakuja lenyewe, na litakuwa la ajabu kuliko chochote ambacho ungebandika.

Tuanze na binadamu wa kijani maana ndo ndoto ya kila mtu, ile ya kwamba tukiwekewa kloroplasti, vile vijimashine vya kijani ndani ya seli za mimea vinavyopika chakula kwa jua, kwenye ngozi basi tutaota jua na kushiba. Hesabu yake ni ngumu. Mtu mzima anatumia kama kilokalori 2,000 kwa siku, ambazo ukizigeuza ni karibu wati 100 usiku na mchana bila kupumzika. Jua la saa sita mchana bila mawingu linaleta kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Ngozi yako yote haifiki hata mita 2 za mraba au inafika kwa shida, na upande unaolitazama jua kwa wakati mmoja hauzidi mita moja hata ukilala chali bila nguo. Mimea kwa kawaida inageuza asilimia 1 au 2 tu ya jua kuwa chakula, kwa hiyo hapo una wati 20 za saa sita mchana, na ukitoa usiku, asubuhi na jioni unabaki na kama wati 5 hivi. Sehemu moja kati ya ishirini ya unachohitaji, na hapo umeshinda juani siku nzima ukiwa umelala. Ndo maana mti una majani yale yote na ndo maana mti hautembei. Kutembea ni gharama, na jua linalipa kidogo kidogo.

Sasa mwangalie Elysia chlorotica. Huyu ni konokono wa baharini asiye na gamba, anaishi kwenye maji ya chumvi mashariki mwa Amerika Kaskazini, ana sentimita chache tu. Akiwa mdogo ni wa rangi ya kahawia, alafu anaanza kula mwani unaoitwa Vaucheria litorea, anautoboa uzi wa mwani na kufyonza vilivyomo, vingine vyote anavimeng'enya lakini kloroplasti anaziacha nzima na kuzisambaza kwenye matawi ya utumbo wake ambayo yameenea mwili mzima kama mishipa ya jani. Anageuka kijani kibichi. Na umbo lake, hebu fikiria, ni jani kabisa! Ni bapa, amepanuka pembeni, matawi yake yanaonekana kwa juu. Hakuna aliyemchora hivyo ili apendeze, ni hesabu ile ile ya jua imemlazimisha, ukitaka kukusanya mwanga inabidi uwe bapa. Anaweza kukaa miezi mingi bila kula kitu kingine.

Kuna ubishi kuhusu hawa konokono na ni ubishi mzuri. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba aina mbili za ndugu zake zinakaa na njaa gizani karibu sawa na zinavyokaa kwenye mwanga, kwa hiyo inawezekana kloroplasti nyingine zinatumika kama akiba ya chakula inayochimbwa polepole kuliko kama kiwanda cha sukari. Kuna watu wakisikia hivyo wanakata tamaa, eti kumbe si mnyama-mmea. Mimi naona ndo kwanza inanoga. Kiumbe anaweza kuwa kati ya mla na mkulima bila kuchagua, akautumia mwanga ukiwepo na akila ghala lake ukikosekana.

Lakini konokono huyu ana kasoro moja kubwa, na ndo inayotupeleka kwenye swali la pili. Watoto wake hawarithi kloroplasti. Kila mtoto anazaliwa bila kitu na lazima atafute mwani wake mwenyewe aanze upya. Uchotara wake unakufa naye. Mchanganyiko usiorithiwa ni tabia tu, ukirithiwa ndo unakuwa ukoo.

Na hapa kuna kiumbe ninayempenda kuliko wote, Hatena arenicola. Ni wa seli moja, alipatikana kwenye mchanga wa pwani huko Japani na watafiti Noriko Okamoto na Isao Inouye wakamtangaza mwaka 2005. Akimeza mwani wa aina fulani hamli, anamweka ndani, na yule mwani anabadilika, anapoteza mikia yake ya kuogelea na kloroplasti yake inavimba mara kumi na zaidi mpaka inajaza mwili wa mwenyeji. Na pale alipokuwa na mdomo sasa hana mdomo, maana hauhitaji tena. Sawa, sasa anataka kuzaa, na seli ya aina hii inazaa kwa kugawanyika mara mbili, lakini mwani haugawanyiki naye. Kwa hiyo mtoto mmoja anaondoka na mwani wote, wa kijani, hana mdomo, anaishi kwa jua. Mwingine anatoka mweupe kabisa, hana kitu, na anaota mdomo ili akawinde mwani wake. Mama mmoja, kuzaliwa kumoja, mmoja mmea na mmoja mnyama.

Mi nikimwaza huyu silali mapema. Kwa sababu hebu mkuze. Mtoe kwenye mchanga, mfanye awe na ukubwa wa mbwa, mpe ubongo na macho na sauti. Hesabu ya jua tumeshaiona, kwa hiyo wa kijani lazima awe mpole, bapa, mwenye mapindo mapana ya ngozi mgongoni, anayetambaa taratibu kufuata mwanga na usiku anapoa na kutulia kabisa. Mweupe ni mwindaji, mwembamba, mwenye meno, ana haraka ya kudumu kwa sababu bila kula atakufa. Na wote wawili ni pacha wa damu moja. Siku mweupe akishika mwani wake ataanza kugeuka, meno yatadondoka, mdomo utafunga, mbio zitaisha. Hapo unajiuliza mambo ambayo hayapo kabisa kwa wanyama tunaowajua. Je, mweupe anataka kugeuka au anaogopa? Pengine wapo weupe watakaokwepa mwani maisha yao yote ili wabaki na meno. Na je, wa kijani anamlinda pacha wake au anamkimbia, maana mwindaji mwenye njaa hana ndugu? Na mtu atakayewaainisha akiwakuta mbali mbali, huyu kwenye mwanga wa uwanda na yule kwenye kivuli cha msitu, hakika ataandika ni spishi mbili na ataweka moja kwenye kundi la wala nyasi wanaosahau kula.

Uainishaji wenyewe hauna tatizo, siudharau, bila hiyo kazi tusingekuwa na pa kuanzia. Ila mafungu yenyewe yamekuwa yakiongezwa kila mara viumbe vilipokataa kukaa. Mwanasayansi Linnaeus mwaka 1735 alikuwa na himaya mbili, yaani mafungu makubwa mawili, za viumbe hai, mimea na wanyama. Haeckel mwaka 1866 akaongeza ya tatu kwa ajili ya vijidudu visivyoeleweka, Whittaker mwaka 1969 akafikisha tano na kuvu wakapata yao, na mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wakagundua kwamba baadhi ya vilivyoitwa bakteria ni kundi tofauti kabisa, arkea. Kila mara ni kiumbe wa katikati ndo anayevunja ukuta.

Turudi kwenye kubuni. Kiumbe wangu wa pili nimemtoa kwa mnyama ambaye watu wengi wangempita wakidhani ni sponji, tunikata. Mtu mzima wa tunikata amekaa tu kwenye mwamba baharini, mfuko wenye matundu mawili, maji yanaingia huku yanatokea kule na yeye anachuja chakula. Lakini utoto wake ni mwingine. Anaanza kama kiluwiluwi, ana mkia, ana ile fimbo laini ya mgongoni ambayo hata sisi tuliwahi kuwa nayo tumboni mwa mama, ana kidoa cha jicho na kiungo cha kupimia usawa, anaogelea. Hali kabisa katika kipindi hicho, kazi yake ni kutafuta mahali. Akipata anajibandika kwa kichwa, mkia unafyonzwa na sehemu kubwa ya mishipa ya fahamu ya kitoto inavunjwavunjwa, anaanza maisha ya kukaa. Na hapo ujue kwamba hawa ni jamaa wa karibu wa wenye uti wa mgongo, karibu na sisi kuliko wadudu, kuliko pweza.

Bado hujasikia kubwa. Ngozi ya nje ya tunikata ina selulosi. Ndiyo, selulosi, ile ya miti na pamba. Ni wanyama wanaoitengeneza wenyewe, na jeni ya kazi hiyo inaonekana babu yao aliipata kutoka kwa bakteria. Alafu wapo wa bahari za joto wanaoishi na bakteria wa kijani anayeitwa Prochloron, anayefanya usanisinuru, yaani kupika chakula kwa jua, ndani ya koloni lao, na tofauti na konokono wetu, hawa mtoto anaondoka na mbegu ya bakteria hao kutoka kwa mzazi. Yaani mnyama mwenye ukoo wa karibu na wetu, anayevaa kitu cha mti, anayeishi na mashine ya mmea, na anayerithisha. Kwa maswali yangu matatu huyu ameshajibu karibu yote na bado yuko kwenye mwamba hana habari.

Kwa hiyo mi nauliza, je angetoka nchi kavu? Huyo namwita mnyamti. Mtoto wake ana miguu, kichwa, macho mazuri, na mfuko mdogo shingoni wenye vijani vya mama yake, anatembea wiki kadhaa bila kula kwa akiba aliyozaliwa nayo, anatafuta udongo wenye unyevu na uwazi wa kutosha wa mwanga. Shida ya miti ni kwamba mbegu haichagui, inaangukia inapoangukia, ila mtoto wa mnyamti anaona, ananusa, anakataa mahali pabaya na kuendelea. Akiridhika anachimba kichwa chini. Miguu inafyonzwa. Selulosi inaanza kujengeka kumzunguka na inamsimamisha, anapanda juu na kutanua mapindo mapana mwaka hadi mwaka. Ubongo anauvunja kwa sababu ubongo ni mlafi, wa kwetu peke yake unakula kama asilimia 20 ya nguvu zetu tukiwa tumepumzika, na kiumbe wa jua hawezi kuumudu.

Sasa akishakaa hawezi kukimbia, kwa hiyo lazima ajilinde kwa sumu kama mimea inavyofanya, na hata hili si la kubuni kabisa. Tunikata mmoja anaitwa Ecteinascidia turbinata ametupatia trabectedin, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007, na anayeitengeneza hasa ni bakteria anayeishi ndani ya tunikata huyo. Mnyamti wangu basi atakuwa na watu watatu ndani ya gome moja: mwili, mpishi wa sukari na mtengeneza sumu.

Ninachokiwaza zaidi kuhusu mnyamti si baiolojia. Ni shoka. Ukimkata mtoto wake kila mtu atasema umeua, ana macho, amekutazama. Ukimkata mzazi je? Hana ubongo, hana sauti, amesimama kama mti, lakini yule yule miaka hamsini iliyopita alikuwa anatembea na kuogopa. Mi kwa moyo wangu wote naona hana haki ndogo kwa sababu ametulia, ila nakiri sheria zetu zote zimeandikwa kwa kudhani kwamba kiumbe ni mnyama maisha yake yote au mmea maisha yake yote, na hapo ndo unaona kubuni viumbe si kupoteza muda, kunatufunulia tulichokuwa tunakidhania bila kujua.

Swali la tatu, la mwili kumvumilia mgeni, ndo ambalo wabunifu wanaliruka kila siku. Mwili wenye uti wa mgongo una askari wakali, ukiuingizia seli ya mwani inaliwa. Lakini kuna salamanda wa madoa, ndugu wa chura mwenye mkia, huko Amerika Kaskazini, Ambystoma maculatum, ambaye mayai yake yanageuka kijani kwa mwani, na mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba mwani huo unaingia mpaka ndani ya seli za kijusi. Baadaye ikaonekana seli za salamanda zinapunguza ukali wa kinga, wakati mwani wenyewe humo ndani una dalili za dhiki. Mwaka 2024 watafiti wa Japani wakaingiza kloroplasti za mwani kwenye seli za maabara za hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, na zikafanya sehemu ya kazi zao kwa kama siku mbili kabla ya kuvunjika. Siku mbili! Watu walicheka kwamba ni kidogo, mi niliona ni kubwa sana, maana hakuna jeni zilizohamishwa, hakuna maandalizi ya mamilioni ya miaka, na bado zilishika.

Na uchotara hauendi kwenye uzuri tu. Kuna saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kujamiiana, ilianza kwa mbwa mmoja maelfu ya miaka iliyopita, yule mbwa alishakufa lakini seli zake zinaendelea kuhama kutoka mbwa hadi mbwa mpaka leo, na njiani zimewahi kuchukua mitokondria, vile vijimashine vya nguvu ndani ya seli, za wenyeji wake. Ni nini hiyo? Kwa ukoo ni mbwa. Kwa maisha ni kimelea cha seli moja moja. Sijaona mbunifu aliyethubutu kubuni kitu cha kutisha namna hiyo, na hakina hata jino moja.

Wapo wanaosema mambo haya ni kinyume na maumbile, kila kiumbe abaki na aina yake. Naheshimu hofu yao, lakini mwili wanaousemea umeshachanganyika siku nyingi. Mitokondria zinazotupa nguvu zilikuwa bakteria huru, zina DNA yao hadi sasa, herufi 16,569 na jeni 37, na mwanabiolojia Lynn Margulis alipolitetea wazo hilo kwenye makala ya mwaka 1967 majarida mengi yalikuwa yameshamkatalia. Karibu asilimia 8 ya DNA yetu ni mabaki ya virusi, na jeni moja kati ya hizo inatengeneza protini ya sinsitini ambayo inaunganisha seli za kondo la nyuma. Yaani ulipokuwa tumboni ulilishwa kupitia ukuta uliojengwa kwa msaada wa jeni ya virusi. Sasa nani wa aina yake?

Nimalizie mnyamti wangu maana kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, naitrojeni. Sukari ya jua haina naitrojeni na bila hiyo hujengi protini. Mimea inaipata udongoni, mingine kwa bakteria wa mizizini. Alafu mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mwani mmoja wa baharini, Braarudosphaera bigelowii, ana bakteria ndani yake ambaye ameungana naye kiasi cha kuwa kiungo cha seli, anagawanyika pamoja nayo na anapokea protini kutoka kwa mwenyeji, na kazi yake ni kuchukua naitrojeni na kuigeuza iweze kutumika. Nikamwekea mnyamti huyo naye, wa nne. Sasa ana mwanga, hewa na maji, na kwa muda nilidhani nimemaliza, hahitaji kula chochote. Lakini fosforasi haipo hewani. Inatoka kwenye mwamba au kwenye mwili wa mwingine, na bila fosforasi hakuna DNA wala utando wa seli. Kwenye udongo maskini mizizi peke yake haitamtosha. Kwa hiyo nimemrudishia mdomo mmoja mdogo, chini kabisa karibu na udongo, anaoufungua mara chache kwa mwaka, na chochote kinachopita hapo usiku kikiwa na mifupa kitamfaa.